Maana Tatu za Kurudi

Neno kurudi, ambalo wazee wetu walilipokea kutoka Uarabuni wakalilea hata likawa letu, lina maana tatu ambazo aghalabu hatuzitaji kwa pumzi moja: msafiri hurudi kwao, mzazi humrudi mwanawe aliyepotoka, na nguo mpya, ikiisha kufuliwa na kuanikwa, hurudi, yaani hupungua kimo ikambana aliyeinunua. Kwa miaka mingi nilidhani kuwa maana hizi zimekutana kwa sadfa tu, mfano wa wageni watatu waliolala msafarkhana moja. Walakini nilipokwisha kusafiri kwa basi kutoka Lusaka hata ufuko wa Ziwa Mweru, baada ya kukaa Maskati miaka 4, nilitambua kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba asiyeziridhia mbili za mwisho haipati ile ya kwanza.

Ndege haikunirudisha, ilinifikisha. Katika ndege mtu ni namba ya kiti, hapana amwulizaye neno ila chakula atakacho, naye hushuka na heshima yake yote aliyopanda nayo, haikukunjwa wala kuguswa. Lakini katika kituo kikuu cha mabasi cha Lusaka, kilichoko katika barabara yenye jina la Dedan Kimathi, saa 11 alfajiri, mbele yangu ikiwa safari ya yapata kilomita 1,000, nilikuta kiti changu kimekwisha kukaliwa nusu na magunia matupu yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, yakinuka chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Mwenye magunia, mama wa makamo aliyetoka kuuza mzigo wake mjini, hakuyaondoa. Aliyasukuma kidogo kwa goti, akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha upande wa Pweto: “Mwanangu, wewe mtoto wa nani?”

Nikamtajia jina langu na kazi yangu. “Jina sikuliuliza,” akasema.

Huko Maskati, niseme kweli, nilikuwa nchi nzima. Wenyeji wangu, ambao wengi wao wazazi wao walizaliwa Unguja na ambao Kiswahili chao kilinifundisha mengi, waliponiita Mzambia walinikabidhi Zambia yote, mito yake na shaba yake, nami nikazoea ukubwa huo hata nikaudhani ni mwili wangu. Ndani ya basi ukubwa ule ulianza kupungua kwa hatua. Kapiri Mposhi, mahali inapokoma reli ya TAZARA baada ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, abiria waliulizana waendako, nami nikawa mtu wa Luapula. Mbele kidogo nikawa mtu wa Mweru. Na mama yule, ambaye hakuniachia jibu hata moja lililokuwa pana, alinifinya mpaka nikakiri kuwa mimi ni mjukuu wa mfuma nyavu fulani wa Chienge. Hapo ndipo uso wake ulipokunjuka. Nguo iliyorudi haikupoteza uzi hata mmoja. Nyuzi zimesogeleana tu, mfumo ukashikamana, na mvaaji huisikia kila ainuapo mkono.

Kisha akanirudi kwa maana ya pili. “Basi ulikuwa wapi tulipomzika mjomba wako?”

Nikajibu kwamba nilituma fedha. “Fedha tuliiona,” akasema. “Wewe hatukukuona.”

Hapa pana hoja ambayo siwezi kuipita kwa haraka, kwani nilibishana nayo moyoni mpaka Serenje. Aliyekwenda ughaibuni kutafuta riziki ya ahali zake, akanyimwa usingizi na sikukuu, ana haki ya kushukuriwa. Kumkaripia kwa kutokuwapo ni kumdai mara mbili. Hoja hii ni ya haki, nami siikanushi. Lakini nilipoitafakari niliona kwamba shukrani humstahili kila atendaye wema, hata mpita njia, ilhali karipio hupewa yule tu ambaye nafasi yake ilibaki wazi pale alipotakiwa kusimama. Mama yule, aliponilaumu, alinipa habari ambayo hakuna barua iliyonipa: kwamba kaburini siku ile palikuwa na pengo lenye kimo changu.

Karibu na Serenje gurudumu lilipasuka, tukashuka. Si mbali na njia hiyo ndipo Chitambo, alipofariki David Livingstone mwaka 1873, na moyo wake ukazikwa chini ya mti wa mpundu, na mwili wake ukachukuliwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kwa miguu hata Bagamoyo, walikofika Februari mwaka 1874. Nimeusoma mkasa huo tangu utotoni, lakini ni hapo barabarani tu nilipozingatia jambo moja dogo: maiti ilipofika Uingereza haikupokewa kwa kuwa imefika. Tabibu aliukagua mkono wa kushoto, akauona mfupa uliovunjwa na simba zamani na kuunga vibaya, na kwa ushahidi wa jeraha hilo ndipo wenyewe walipokubali kuwa huyu ndiye wao, wakamzika Westminster. Kupewa njia nako si kurudi: Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyezuiliwa miaka mingi kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, aliruhusiwa kuondoka siku za ujio wa Livingstone mwaka 1867; njia alipewa, lakini Stanley, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipofika Ujiji mwaka 1871 alimkuta angali hapo Ujiji.

Usiku ulitukuta Mansa, na kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 iliyazuia mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, tulilala vitini, bega kwa bega, kichwa cha mama kikiniegemea bila ya kuomba idhini. Alfajiri tukaendelea, Mwense, kisha Mwansabombwe, bonde la Luapula likiwa kushoto kwetu limejaa ukungu, hata Nchelenge, ambako ziwa lilitokea ghafla baina ya nyumba, jeupe, halina ng'ambo.

Kashikishi ndiko basi lilikokoma; waendao Chienge hutafuta gari jingine. Mama alishuka mbele yangu, akanyoosha mgongo, akatazama upande wa soko. Kisha, bila ya kugeuka kuona kama nipo, akarudisha mkono nyuma wenye kamba ya magunia, akasema, “Shika.” Nikayatwika begani juu ya koti nililonunua Matrah, huko Maskati, nikamfuata.