Utu wa Adui

Mtunzi wa hadithi za ajabu huenda mbali ili apate kuona karibu. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake hewani akapata nafasi ya kunena juu ya haki na dhuluma zilizo ardhini. Watunzi wa televisheni ya kebo huko Marekani wamefuata njia iyo hiyo. Wametumia nyota na vyombo vya anga kuuliza swali lililo kongwe kuliko televisheni yenyewe: je, adui aliyekusudia kuniangamiza ana haki yoyote juu yangu? Swali hili ningependa kulipima kwa mchezo mmoja, nao ni Battlestar Galactica.

Kebo ilianza Marekani mwaka 1948, katika miji iliyozungukwa na milima ambayo mawimbi ya matangazo hayakuifikia vema. Baadaye waya huo ukawa njia ya idhaa nyingi, kila moja na watazamaji wake. Idhaa itakayo kumpendeza kila mtu huogopa kumwudhi yeyote. Idhaa iliyochaguliwa na wachache kwa hiari yao huweza kuthubutu. Mchezo huu ulipotokea kwanza mwaka 1978, kazi ya Glen A. Larson katika idhaa kubwa ya ABC, adui alikuwa chuma kitupu, na kumpiga hakukumsumbua mtu moyo. Ulidumu msimu mmoja. Ronald D. Moore na David Eick walipoufufua mwaka 2003 katika Sci Fi Channel, idhaa ya kebo iliyofunguliwa mwaka 1992, adui alipewa nyama, damu na machozi. Tangu hapo hadi mwisho wake, Machi 2009, mtazamaji hakuachwa astarehe.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanadamu wa Makoloni Kumi na Mawili waliunda mashine za kuwatumikia, wakaziita Cylon. Mashine hizo ziliasi, zikapigana na mabwana wao, kisha zikatoweka kwa miaka 40. Ziliporudi, baadhi yao zilikuwa na umbo la mwanadamu lisilotambulikana na la mwanadamu halisi, nazo ziliteketeza miji ya walioziunda kwa mabomu ya nyuklia. Waliosalia walikuwa takriban 50,000, wamejaa katika vyombo vya anga, wakilindwa na manowari moja kuukuu. Katika sehemu iitwayo "33", adui huwatokea kila baada ya dakika 33 kwa siku tano, na hakuna apataye usingizi. Rais wao, Laura Roslin, huandika ubaoni idadi ya walio hai. Mwisho wa sehemu hiyo mtoto anazaliwa, na Rais anafuta 47,972 na kuandika 47,973. Taifa lililofikia kumhesabu mtoto mmoja kwa furaha namna hiyo linajua thamani ya roho. Lililobaki kuulizwa ni kama linaijua thamani ya roho isiyokuwa yake.

Msomaji ataona kwamba katika maneno yaliyotangulia nimeziita Cylon mashine, "zikaasi" na "zikatoweka". Lugha yetu haimruhusu msimulizi kukwepa. Mwingereza aweza kusema habari nyingi za kitu au za mtu kwa kitenzi kile kile; Mswahili hana budi kuamua kabla ya kutamka kitenzi chake cha kwanza kama jambo hili lilifanywa na aliyefanya au na kilichofanya. Wanadamu wa mchezo huu wameamua: huwaita adui zao kwa jina la chombo cha jikoni cha kubanikia mkate. Tusidhani hilo ni tusi tu. Ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi, kwa kuwa chombo cha jikoni kikivunjwa hakuna aitwaye muuaji.

Hukumu hiyo inajaribiwa katika sehemu iitwayo "Flesh and Bone". Mateka mmoja, Leoben, anasema kuna bomu lililofichwa katika mojawapo ya vyombo. Rubani Kara Thrace anapewa kazi ya kumhoji, naye anamzamisha kichwa katika ndoo ya maji, mara baada ya mara. Roslin anaingia, anakomesha mateso, na anamwahidi mateka uhai wake akisema kweli. Mateka anakiri kwamba bomu halipo. Ndipo Rais anaamuru atupwe nje ya chombo, penye utupu usio na hewa. Sehemu hiyo ilitengenezwa mwaka 2004, mwaka ambao picha za wafungwa walioteswa Abu Ghraib zilienea duniani.

Wapo wasemao kwamba hapana ubaya hapa, maana aliyeteswa si mtu. Lakini na tutazame vitendo vyao. Nani atesaye jiwe? Mateso hayafai ila kwa mwenye kuumia. Nani aahidiye ndoo? Ahadi haifai ila kwa mwenye kuamini. Thrace alipozamisha kichwa kile alitegemea maumivu, na Roslin alipotoa ahadi ile alitegemea imani. Mwenye kutesa hukiri kwa mkono anachokikana kwa ulimi. Thrace mwenyewe, kazi ilipokwisha, aliiombea roho ya mateka yule, roho ambayo kwa kauli ya watu wake haikuwako.

Oktoba 2006 mchezo uligeuza mizani. Wanadamu wamefanya makao katika sayari waliyoiita New Caprica. Cylon wamekuja wakaitawala kwa nguvu, wakaunda polisi kutoka miongoni mwa wanadamu wenyewe. Wapinzani, wakiongozwa na Kanali Saul Tigh, wanamtuma mtu ajilipue katika sherehe ya polisi hao. Wakati huo majeshi ya Marekani yalikuwa Iraki, ambako yaliingia mwaka 2003. Mtazamaji wa Marekani akajikuta upande wa mwenye bomu, akifahamu uchungu wake. Kufahamu uchungu siko kuhalalisha kitendo. Lakini aliyekwisha kukaa mahali pa adui yake kwa saa moja hawezi tena kusema kwa moyo mmoja kwamba adui huyo ni kitu.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mwezi uliofuata. Wanadamu wanawapata Cylon walioshikwa na maradhi yasiyowadhuru wanadamu. Cylon afapo, nafsi yake husafiri hadi mwili mpya, mradi chombo cha kuipokea kiwe karibu. Shauri linatolewa: wagonjwa wauawe karibu na chombo hicho, ili maradhi yao yahamie kwa wote, na jamii nzima ife. Roslin anakubali. Afisa mmoja, Karl Agathon, anapinga. Mke wake, Sharon, ni Cylon aliyehamia upande wa wanadamu na kuwatumikia kwa uaminifu. Agathon anaharibu hewa ya chumba cha mateka, nao wanafa kabla chombo hakijakaribia. Shauri linabatilika. Kamanda William Adama hamtafuti mwenye kosa.

Hoja ya Roslin si nyepesi, wala haifai kudharauliwa na mtu aketiye salama. Adui huyu alikwisha kuua mabilioni na hajaacha kufukuza. Mwenye kuvamiwa ana haki ya kujilinda, hata kwa kuua. Walakini haki ya kujilinda humhusu ajaye na silaha. Haimhusu asiyekuja, wala aliyejuta, wala atakayezaliwa. Hukumu ya jamii nzima hubatilishwa na mwema mmoja aliyemo ndani yake, na mwema huyo alikuwa nyumbani kwa Agathon, akivaa sare ya jeshi lile lile.

Agathon naye hakutoka na mikono safi. Aliwaua mateka wagonjwa ambao hawakumpa idhini, akawanyima watu wake silaha ambayo ingeweza kuwaokoa. Asemaye kwamba huruma kwa adui haina gharama anadanganya. Yaweza kugharimu maisha, na pengine maisha ya mtoto yule aliyefanya idadi kuwa 47,973. Mimi nakubali gharama hiyo kuwa kubwa, na bado nasema Agathon alichagua vema. Mwanzoni mwa kisa, kabla ya mabomu, Adama aliwauliza watu wake kwa nini wanadamu wanastahili kuokoka. Watu waliookoka kwa kumaliza jamii nzima wangelibaki na idadi ubaoni bila jibu la swali hilo. Wangelifanya kwa makusudi lile lile walilolililia.

Tarehe 17 Machi 2009, siku chache kabla ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, watunzi na wachezaji wa Battlestar Galactica walialikwa katika Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumza juu ya haki za binadamu na vita. Wako watakaocheka kwamba hadithi ya mashine ilipewa kiti mahali pale. Mimi sioni la kuchekwa. Vita vingi vya kweli vimeanza kwa kumtoa adui katika hesabu ya watu na kumpa jina la mdudu, la mnyama au la chombo. Wahenga walisema mtu ni utu. Neno hilo hupima wawili kwa mara moja: anayetendewa na anayetenda. Aliye na shaka juu ya utu wa adui yake, na aanze kwa kuulinda wake, kwa maana huo wa pili ndio ulio mkononi mwake.