Ujira wa Fundi wa Mlango, na Neno "Hatutakosana"

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu katika mizani na katika maneno. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu baada ya Magharibi ametuletea swali. Asema kwamba ataka kutiliwa mlango mpya katika chumba kimoja cha nyumba yake ya Mji wa Kale, Mombasa. Ameita mafundi watatu. Wa kwanza amemwambia shilingi 800, wa pili 1,500, na wa tatu 3,500. Mlango ni mmoja na ukuta ni ule ule. Atuuliza: Je, huyu wa tatu si mwizi? Na kwa nini sheria yetu haikuweka bei ya kazi kama hii, watu wakapumzika?

Swali hili ni dogo kwa umbo na kubwa kwa maana, kwani fitina nyingi za mitaani petu hazianzi kwa mambo makubwa. Huanza kwa bomba, kwa bati na kwa mlango.

Twaanza na la mwisho. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Anas (R.A.), kwamba bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), na watu wakamwomba awawekee bei. Hakukubali. Aliwajulisha kuwa mwenye kupandisha na kushusha ni Mwenyezi Mungu, naye ataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana hata mmoja anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Tazameni, ndugu: kumlazimisha mtu auze kilicho chake kwa bei asiyoiridhia, Mtume aliogopa isije ikawa dhulma. Basi kutofautiana kwa bei peke yake si haramu, wala si dalili ya wizi.

Sasa tuwatazame hao mafundi kwa insafu kabla hatujawahukumu. Mwenye nyumba huutazama mlango. Fundi hulitazama tundu utakamotiwa. Nyumba zetu za mawe na chokaa ni za zamani, na kuta zake aghalabu hazikusimama wima. Fundi akiteremsha timazi huona mwimo umelalia upande mmoja na kizingiti cha juu kimeinama. Mlango ukitiwa hivyo hivyo hautafunga vizuri, au utajifungua wenyewe usiku. Hapana budi autengeneze mwimo kwanza, na hiyo ni kazi kabla ya kazi. Kisha sakafu: mwenye nyumba ametia vigae, sakafu imepanda, na mlango lazima ukatwe chini.

Kisha mlango wenyewe. Ule wa plaiwudi, ulio mtupu ndani, mtu mmoja huuinua peke yake na bawaba mbili zautosha. Ule wa mvule au mbambakofi wataka watu wawili na bawaba tatu, na kila bawaba ichimbiwe mahali pake kwa patasi. Ikizama mno mlango hukaza, na ikitokeza mlango huacha mwanya. Na hewa ya bahari hula chuma: bawaba ya chuma ni rahisi na hushika kutu, ya shaba hudumu na ni ghali. Na mbao hufura wakati wa masika na kunywea wakati wa jua. Fundi mjuzi huacha nafasi ya kufura. Asiye mjuzi huubana mlango siku ya jua, na siku ya mvua watu wa nyumba wakausukuma kwa mabega.

Tulimtaka ndugu yetu arejee kwa mafundi wake, amwulize kila mmoja neno moja tu: Ndani ya bei yako mna nini? Akarejea, akauliza. Wa kwanza alikuwa ametaja ujira wa mikono yake peke yake. Bawaba, kitasa na skrubu ni juu ya mwenye nyumba, na mwimo hakuutazama. Wa pili alikuwa ametia bawaba za chuma na kuupiga mlango randa, pasina kitasa. Wa tatu alikuwa amehesabu kuunyoosha mwimo, bawaba tatu za shaba, kutia kitasa, kuuondoa mlango wa zamani na kuuchukua kwa mkokoteni, na kurudi baada ya mvua kuurekebisha pasina malipo mengine. Basi zile hazikuwa bei tatu za kazi moja. Zilikuwa kazi tatu, na kila moja ina bei yake.

Na jambo hili mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii hawakulisahau. Imamu Nawawi katika Minhaj yake ameizungumza mas-ala ya uzi wa mshoni na wino wa mwandishi: ni juu ya nani, mwenye kazi au mfanyaji? Akataja kuwa Imamu Rafii amesahihisha kwamba hurejewa desturi ya watu. Na desturi ikiwa haikutulia, ni wajibu kubainisha, la sivyo ijara hubatilika. Bawaba za seremala leo ni kama uzi wa mshoni. Desturi yetu haikutulia: huyu huzitia katika bei yake na yule hazitii. Basi kubainisha ni wajibu, si adabu tu.

Ndugu zetu, linalotutia khofu zaidi kuliko bei kubwa ni bei isiyotajwa. Fundi huuliza, "Utanipa ngapi?" Mwenye nyumba hujibu kwa ukarimu, "Wewe fanya tu, sisi ni ndugu, hatutakosana." Neno hili lasikika kama udugu, nalo ndilo linaloua udugu. Katika Minhaj hiyo hiyo imeelezwa kuwa mtu akimpa mshoni nguo amshonee, na ujira usitajwe, basi kwa kauli inayotegemewa mshoni hana ujira anaoweza kuudai; na iko kauli nyingine kwamba akijulikana kuwa kazi hiyo ndiyo riziki yake, hupewa ujira wa mfano wake. Mwenye kusema "hatutakosana" amemtia mwenziwe katika hatari ya kufanya kazi na haki yake ikapotea. Na fundi anayelikubali neno hilo ameshiriki.

Sisi wenyewe tumepata kuitwa kusuluhisha jambo kama hili. Watu wawili, majirani, wakisali safu moja miaka mingi. Mlango ukatiwa kwa "hatutakosana". Siku ya tatu fundi akataka shilingi 4,000, na mwenye nyumba moyoni mwake alikuwa ameweka 1,500. Yakapita maneno mabaya, na fundi akahamia msikiti mwengine. Tulipowakalisha, tuliona kila mmoja ana ukweli wake. Fundi alikuwa amevunja na kujenga upande mzima wa mwimo, na bawaba alizinunua kwa fedha zake. Lakini tulipomwuliza, "Ulijua lini kuwa mwimo ni mbovu?" alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Siku ya kwanza." Hakusema, akichelea kazi isimtoroke. Na mwenye nyumba naye alikiri kuwa hakuuliza bei kwa kuwa alitaraji jirani ataona haya kutaja kubwa. Fedha tulizipatanisha siku ile ile. Lakini katika miezi ile ya kununiana, mama wa mwenye nyumba alikuwa amefariki, na fundi, anayekaa nyumba ya tatu, hakuchukua jeneza. Alilia alipolitaja hilo. Hilo sisi hatukuwa na la kulisuluhisha.

Ama tofauti ya bei iliyo haramu, nayo ipo, na hatutaificha. Ni ile ya fundi anayetazama gari lililoegeshwa nje au kanzu ya mwenyeji, kisha akaipandisha bei ya kazi ile ile. Au anayemwona mjane asiye na mwanamume wa kumsemea, akamwambia mwimo umeoza nao ni mzima. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu wasitoke kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajaingia sokoni wakaijua bei, kwani kununua kwa ujinga wa mwenzio ni kumla. Na ametujulisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Na iliyo katika khiyana hiyo hiyo ni bei ndogo ya hila: fundi hutaja 800 apate kushika kazi, na mlango ukiwa umeshang'olewa na nyumba i wazi, huanza kudai la pili na la tatu.

Na mwenye nyumba asijione amesalimika. Yuko anayengoja fundi awe hana chakula cha watoto, ndipo ambane. Na akumbuke Jarir bin Abdillahi (R.A.), aliyempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu: yapokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa 300, akamwona ana thamani zaidi, akamwongezea mwenyewe hata ikafika 800. Na yuko anayesema "njoo kesho" mwezi mzima. Huyo na ajue kwamba katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu atakaokuwa khasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake.

Wengine tumewaona wakiandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya kizingiti, na wengine wakitundika hirizi ili nyumba isiingiwe na shari. Ewe ndugu, shari imekwisha ingia siku uliyomdhulumu aliyeutia mlango huo. Jina la Mola tukufu halikuandikwa kuifunika haki ya mtu.

Basi jawabu yetu ni hii. Fundi autazame mwimo na sakafu kabla ya kutaja bei, na aibu aliyoiona aiseme. Ataje ujira mbali na vifaa mbali. Waandikiane, hata kwa mistari mitatu ya simu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni katika Aya ya 282 ya Suratul Baqara. Likizuka jambo lisiloonekana mwanzo, kazi isimame mpaka wakubaliane. Na mlango ukishafunga, fundi alipwe kabla hajaondoka. Anayetaka kufanya ihsani na aifanye juu ya bei iliyotajwa, kama mzee wa Madyan katika Suratul Qasas: alimtajia Nabii Musa (A.S.) miaka minane wazi, na kumi akaiacha kwa hiari yake.

Kazi ya seremala ni kazi tukufu. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, kama alivyopokea Muslim. Tusiifanye kuwa mlango wa kununiana.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, na ututakase na haki za watu kabla hatujasimama mbele yako. Amin. Wabillahi ttaufiq.