Mstari Unaoanzia Mlangoni

Video ina sekunde 40. Inaanza juu angani, kama jicho la mwewe, mji wa Iringa ukiwa chini na mabati yake. Kisha mstari wa rangi ya chungwa unachomoza kwenye nyumba moja ya Kihesa, unakata mitaa, unaelekea jiwe la Gangilonga, na hapo picha yetu inajitokeza: mimi na mdogo wangu, jasho shingoni, tunacheka. Kilomita 8.4. Niliiposti kabla sijavua viatu.

Mdogo wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Akatazama simu yake, akaja sebuleni.

"Kaka, futa."

Nilikasirika kidogo, nikiri. Nimetoka Mbeya kuja kumtembelea, tumekimbia pamoja, na picha alikubali mwenyewe kupigwa. Nikamwambia barabara ni ya wote. Kila aliyekuwa anafagia uwanja asubuhi ile alituona.

"Anayefagia alituona tukipita," akasema. "Wewe umeonyesha ninapotokea. Jumapili unapanda basi. Mimi Jumanne saa kumi na mbili asubuhi natoka mlango huohuo, peke yangu."

Sikuwa na jibu, na bado nalitafuta. Simu hupokea ishara za setilaiti na kuandika nukta baada ya nukta, kila nukta na saa yake. Programu huziunganisha na kuzilaza juu ya ramani. Mtu wa barabarani anakuona mara moja, nawe unamwona. Mwenye kutazama mistari kumi anajua desturi yako, nawe humjui.

Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia yenye mazoezi ya watumiaji wake, bila jina la mtu yeyote. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba kambi za kijeshi za Syria na Afghanistan zinang'aa humo gizani. Kila askari alikuwa amekimbia mzunguko wake tu. Hakuna aliyetoa siri. Siri ilitoka kwa wote kwa pamoja.

Jambo linalonisumbua zaidi ni dogo. Nilijua kuna mpangilio wa kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Sikuuwasha, kwa sababu mstari unaoanza katikati ya mtaa haupendezi. Basi nilipima usalama wa mdogo wangu na uzuri wa video, na sikujua kama napima.

Sisemi watu waache. Nikiwa Mbeya napanda Loleza, mita 2,656, na nikifika juu nafurahi mstari wangu unavyokwea kama uzi ukutani. Siku moja nilizunguka uwanja mara mbili ili 9.7 iwe 10, kina mama waliobeba kuni wakinitazama na kunipisha. Hilo ni ubatili wangu mwenyewe, halimdhuru mtu. Lakini mbio za watu wawili zina hadithi mbili, na hatari yake haigawanywi nusu kwa nusu. Mdogo wangu alikubali picha. Anwani hakuulizwa. Mimi nilizichukulia ridhaa hizo kuwa moja kwa sababu mwanamume akikimbia alfajiri huwa anawaza mbwa tu.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na tulipokaa juu yake tulitaniana kwamba siku hizi limenyamaza, simu ndizo zinazosema.

Nilifuta. Watu 32 walikuwa wameshaiona, na mmoja, nisiyemfahamu, alikuwa ameuliza: huyo dada anakaa Kihesa ipi?

Sikumwonyesha mdogo wangu swali hilo. Hata hapo sijui kama nilimlinda au nilijilinda.

Juzi nimetengeneza video nyingine kutoka njia ileile, imekatwa, inaanzia Gangilonga. Safari hii nimemtumia yeye kwanza. Tiki mbili za bluu. Hajajibu, nami sijaiposti.