Maji ya Mgeni

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walionena hivyo waliishi katika nchi ambamo jambo la kwanza atendewalo mgeni, kabla ya kuulizwa habari za atokako, ni kupewa maji. Ikiwa maji hayo ni ya kumwuguza, basi methali imepinduka: mwenyeji kabaki mzima, na mgeni ndiye aliyeondoka na maradhi.

Ifikiriwe nyumba moja ya Kiegei, bara ya Lindi, katika nchi ya mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa. Ni msimu wa mvua, wakati maji ya visima na mito yanapovurugika. Mama mwenye nyumba ana ndoo mbili. Ya kwanza ina maji yaliyochujwa kwa kitambaa, yakachemshwa, yakapozwa. Hayo ni ya wanawe. Ya pili ina maji kama yalivyochotwa, ya kufulia na kuoshea. Mgeni anapiga hodi, anakaribishwa mkekani, anaomba maji. Yaliyochemshwa yamebaki kidogo, na kuni zimekwisha. Achote ndoo ipi?

Swali hili dogo limebeba swali kubwa: usafi wa maji ni dhima ya nyumba, au ni dhima ya mji?

Aijuaye kazi ya kuchuja huwa wa kwanza kukiri mipaka yake. Nchini Bangladesh, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa sari kuukuu, ikikunjwa mara kadhaa na kuchujiwa maji ya mito na mabwawa, ilipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kuwa kijidudu cha maradhi hayo hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, navyo hunaswa na nguo. Hiyo ni neema kubwa kwa kitambaa kikuukuu. Lakini nusu iliyosalia bado iliugua. Moto huua vijidudu, ila hauondoi chumvi. Klorini huua vingi, ila nguvu yake hupungua katika maji yenye tope. Na maji yaliyokwisha kusafika huchafuka tena pindi kata au mkono usio safi unapotumbukizwa ndooni. Isitoshe, kila hatua ina gharama yake: kuni, mafuta, saa za siku; na mlipaji aghalabu ni mwanamke.

Wapo wasemao kwamba kila mtu na ailinde nyumba yake. Kauli hiyo isidharauliwe. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu naye, kwa umbali usiozidi mita 400, ifikapo 1991. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufika. Aliyezaliwa mpango ulipoanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na kwa wengi ndoo ilikuwa bado kichwani. Mama mwenye mtoto anayehara hawezi kungoja miaka 20. Achemshe leo. Huo si ubinafsi; ni wajibu wake wa kwanza.

Ila wajibu wa kwanza si wa mwisho, na hapa ndipo penye mtego. Sera ya Maji ya 2002 iliwakabidhi wanavijiji uendeshaji wa miradi yao kupitia jumuiya za watumiaji maji. Sheria ya 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, nayo ikaendelea kuvitegemea vyombo vya jamii. Vyombo hivyo husimama kwa sauti za watu. Mwenye uwezo, akishanunua kichujio chake, hadhuriki tena na bomba la wote. Taratibu huacha kuhudhuria mkutano, kisha huacha kuuliza tangi lilisafishwa lini na michango imekwenda wapi. Hakuiba, hakusema uongo, amenyamaza tu. Wanaobaki kulalamika ni wale ambao malalamiko yao hayasikilizwi.

Gharama ya kimya hicho ilionekana Ujerumani mwaka 1892. Mji wa Hamburg uliwanywesha watu wake maji ya mto Elbe bila kuyachuja, maana wakubwa wake walikuwa wameuahirisha ujenzi wa machujio kwa miaka mingi, wakihofia gharama. Altona, mji jirani, uliyateka maji ya mto ule ule, tena upande wa chini yalikokwisha kuchafuliwa, lakini uliyapitisha kwenye mchanga kabla ya kuyagawa. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,600. Altona ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Palikuwa na mtaa uliokuwa mpaka wa miji hiyo miwili, na mauti yalifuata upande mmoja wa njia. Kilichowatenganisha majirani wale hakikuwa bidii ya mama mmoja mmoja jikoni mwake. Kilikuwa mchanga wa wote.

Unguja nayo ilionja msiba huo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu, katika mji ambamo majumba mengi yalikuwa na visima vyake ndani. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za nje ya mji. Nia ya mtawala huijua Mola wake. Lakini tendo hilo liliyafanya maji kuwa shughuli ya mji mzima, si ya kila nyumba na kisima chake.

Mgeni wa Kiegei bado amekaa mkekani. Adabu ya kwetu inataka apewe maji ya ndoo ya kwanza, na huenda mama atampa, kisha akatafute kuni jioni. Atasifiwa kwa ukarimu, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini insafu inadai neno zaidi. Mama mwema amelazimika kupima kiu ya mgeni dhidi ya afya ya mwanawe, na vyovyote atakavyoamua, atabaki na majuto. Lawama ya mizani hiyo si yake. Ni ya wale waliolipitia tangi la wote wakanyamaza kwa kuwa nyumbani kwao mna kichujio. Mwenye kichujio na aendelee kuchuja, asilaumiwe kwa hilo. Ila siku ya mkutano wa maji aende, akae mbele, na aulize kana kwamba ndoo yake ni ile ya pili.