NYUMBA YA ALIYEKIMBIA VITA NI AMANA

Hotuba ya Ijumaa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, baba zetu na mama zetu, ninawausia ninyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa wazi.

Mnakumbuka mwezi wa pili wa 2025. Kambi za wakimbizi kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, na watu wakaambiwa warudi kwao, Masisi, Rutshuru na kwingineko. Mmoja alikuta majivu. Mwingine alikuta nyumba yake imesimama, moshi unatoka jikoni, na mtu asiyemjua akatoka mlangoni kumwuliza: "Unatafuta nani?"

Mama mmoja alitufikia msikitini baada ya sala ya Alasiri. Ni mjane, bwana yake alifia kambini. Nyumba yake ina watu, na shamba lake la maharagi limelimwa na wengine. Nao waliomo hawakuja kwa ubaya: walikimbia kijiji chao, wakakuta nyumba tupu, wakaingiza watoto wasinyeshewe mvua. Baba wa nyumba hiyo ni ndugu yetu katika dini. Sitamtaja, na mtu yeyote asimtafute, kwa maana si yeye peke yake. Tangu mapigano ya Masisi ya 1993, watu wetu wamekimbia mara ngapi, na nyuma yao parseli ngapi zimebadilisha mikono?

Tunasikia udhuru wa namna tatu. Tuupime kwa dini yetu.

Udhuru wa kwanza: "Mimi pia nimenyang'anywa kwangu." Ndugu yangu, uchungu wako ni wa kweli. Lakini mtazame Mtume (S.A.W.). Watu wa Makka walikuwa wameweka mali zao kwake kama amana. Mwaka 622 walipotaka kumwua, akahama, lakini alimwacha sayyidna Ali nyuma yake ili arudishe kila amana kwa mwenyewe. Alipofika Madina hakuwa na kiwanja. Mahali alipotaka kujenga msikiti palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kumpa bure, akakataa, akapanunua. Kama kufukuzwa kungemhalalishia mtu mali ya mwingine, nani angekuwa na haki hiyo kuliko yeye? Aliyekutoa kwako ni mwingine. Huyu mjane hakukutoa popote. Deni lako usimlipishe yeye.

Udhuru wa pili: "Mimi nina karatasi." Katika Surat al-Baqara, aya ya 188, Mwenyezi Mungu anatukataza kulana mali kwa njia ya batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule haki ya watu huku tunajua. Na Mtume (S.A.W.) alituonya kwamba yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, atakayepewa haki ya nduguye kwa ufundi wa maneno, amepewa kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume mwenyewe haigeuzi haramu kuwa halali, muhuri wa shefu wa kartie utaigeuza?

Tena tuelewe jambo hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali. Mashamba ya kimila iliyaachia amri ya rais wa inchi, na miaka ikapita, kumi juu ya kumi, amri hiyo bila kutoka. Kwa hiyo wazee wetu wa vijijini walilima bila hati. Karatasi yao ni jirani anayejua mti wa mpaka uko wapi. Jirani akikimbia naye, au akinyamaza kwa woga, hati ya mnyonge imechanika. Wewe unayejua mpaka, jua kwamba kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo, kama tunavyofundishwa katika al-Baqara, aya ya 283.

Udhuru wa tatu: "Mwenyewe amekwenda zamani, atasamehe." Mtume (S.A.W.) aliporudi Makka mwaka wa 8 wa Hijra, aliulizwa kama atakaa katika nyumba yake. Akajibu kwamba Aqil hakuwaachia nyumba. Hakumtoa mtu ndani. Ni kweli, aliacha. Lakini aliyeacha ni mwenye haki. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Mwenye kushika mali ya watu hawezi kujisamehe mwenyewe. Na mwenye nyumba akifa, warithi wake wapo.

Katika hadithi ya Said bin Zaid, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaambiwa kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Shubiri moja, ndugu zangu! Je, parseli nzima?

Basi tufanye nini?

Kwanza, wewe unayekaa katika nyumba ya aliyekimbia, iweke nia yako iwe ya mlinzi. Usiiuze, usiiandikishe kwa jina lako, usikate miti ya mpaka. Ukipangisha, kodi ni ya mwenyewe.

Pili, uliyenunua bila kujua, rudisha kwa mwenyewe, kisha umdai pesa yako yule aliyekuuzia. Uliyelima shamba la mtu bila ruhusa, mavuno si yako. Utarudishiwa gharama yako tu.

Tatu, wewe unayerudi, usiende na panga wala na vijana wa kabila lako. Nenda na mashahidi. Ukiweza kumpa mwenzako muda wa kuvuna na kutafuta pa kwenda, hiyo ni sadaka, na malipo yake yako kwa Mungu.

Nne, jambo hili ni letu sote. Tukimwambia yule baba atoke na watoto sita wakalale njiani, tumeondoa dhuluma moja tukaleta nyingine. Zaka ina fungu la masikini na fungu la msafiri aliyekwama. Kamati ya msikiti imefungua daftari: anayetaka kurudisha aje, anayetaka kurudishiwa aje, na mwenye chumba au kiwanja cha kuazima aje pia. Hatutauliza kabila.

Wakubwa wanaendelea kuzungumzia mipaka katika miji ya mbali. Hatujui watamaliza lini. Lakini mlango wa nyumba ya mjane hauna haja ya kungoja sahihi yao.

Ee Mola, warudishe waliofukuzwa makwao kwa salama. Ee Mola, tusikutane nawe tukiwa na ardhi ya watu shingoni. Ipe inchi yetu amani, uwarehemu waliofia kambini. Amin.

Wasalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.