Aliyetoa Bure, Je, Yu Huru?

Mwezi uliopita, katika darasa letu la usiku, lililetwa suala ambalo kwa kulitazama juu juu lilikuwa dogo, na baadhi yetu walitabasamu liliposomwa. Lakini tulipoingia kulijadili tulikesha nalo hata saa tano, na tukaondoka pasi na kuafikiana. Kwa hivyo tumeona yafaa tuliandike hapa, ili ndugu zetu ambao hawakuhudhuria nao walipime kwa akili zao.

Kijana mmoja miongoni mwetu, fundi wa kompyuta, alitengeneza programu ndogo ya mtandaoni ionyeshayo nyakati za maji kujaa na kupwa katika pwani yetu. Mtu hufungua simu yake, akachagua Mombasa au Malindi au Lamu, akaona maji yatajaa saa ngapi na kwa kimo gani, na siku zipi ni za bamvua na zipi ni za maji mafu. Kijana hakutaka malipo, wala hakumtaka mtu jina lake wala nambari yake ya simu. Aliizindua kwa kuwapelekea jamaa zake wachache. Nao wakawapelekea wengine. Na kabla mwaka haujatimia wavuvi na manahodha wa mashua za watalii wakawa hawatoki nyumbani ila wameitazama.

Basi sasa amefika njia panda. Mahali programu inapokaa mtandaoni hulipiwa kila mwezi, na kila watumiaji wakizidi, malipo nayo huzidi. Barua za watu humjia usiku na mchana. Mfanyabiashara mmoja ataka kutia matangazo yake, na mwingine ataka kuinunua yote. Naye ana mke na mtoto mchanga, na kazi ya mshahara imngojayo asubuhi. Akatuuliza: "Maalim, kitu hiki nilikitoa bure. Je, sina ruhusa kukifanya nitakavyo, hata kukifunga kesho nikipenda?"

Mzee mmoja akamjibu pale pale: "Mwanangu, chako ni chako. Hukuchukua hata peni ya mtu, basi nani atakudai?" Jawabu hii ni nyepesi, na wengi waliipenda. Sisi hatukuipenda, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza twaona kosa liko mapema zaidi, katika kudhani kwamba siku ya kuzindua ndiyo siku ya kumaliza kazi. Wazee wetu waliposhua jahazi palikuwa na ngoma na chakula, na watu wote walivuta kamba. Lakini hapana hata mmoja aliyedhani kwamba baada ya siku ile chombo hakitataka tena kalafati wala sifa. Chombo kilichomo majini ndicho kilacho mali. Kilichoko juu ya magogo hakivuji. Programu nayo ni hivyo hivyo: iliyo katika kompyuta ya aliyeitunga haimghadhibishi mtu, bali iliyofika mikononi mwa watu ndiyo ianzayo kuonyesha nyufa zake.

Na kwa mfano wa nyufa hizo, kijana alitusimulia kisa kilichotuchekesha. Mvuvi mmoja mtu mzima alimwandikia kwa hasira kwamba programu ni ya uwongo, kwani yasema maji yamejaa hali yeye ameyakuta yamekupwa na ng'alawa imekaa juu ya mchanga. Kijana akakagua hesabu zake zote, asione kosa. Kumbe programu iliandika 10:00 kwa kuhesabu saa kama Wazungu, yaani saa nne ya asubuhi, na mzee akasoma saa kumi kama tuhesabuvyo sisi. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, na saa sita ndio muda wa maji kutoka kujaa hata kukupwa! Mzee hakukosea kusoma, na kijana hakukosea kuhesabu, lakini mtu alikwama. Alipotia maneno "asubuhi" na "alasiri" mambo yakatengenea. Twauliza: je, kazi ile ilikuwa hisani mpya, au ilikuwa haki ya yule mzee? Sisi twaona ilikuwa haki yake, japo hakulipa kitu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Neno "bure" lina maana zaidi ya moja, na sheria yetu ilizitenga maana hizo zamani. Iko hiba, ambayo mtu humpa mwenziwe kitu kikawa chake. Iko ariya, ambayo mtu huazima manufaa ya kitu, na kitu chenyewe hubaki cha mwenyewe. Na uko wakfu, ambao asili ya kitu hufungwa na manufaa yake yakaachiwa watu. Kijana wetu alitoa ipi katika hizi? Hakusema, kwa kuwa hakupitiwa na fikira hiyo. Aliandika "bure" akanyamaza, na kila mmoja akaifahamu kwa namna yake.

Tukisema si hiba wala wakfu, bali ni ariya, huenda mtu akasema: basi mwenye kuazima ana haki kukitaka kitu chake wakati wowote. Na ni kweli, ndiyo asili ya ariya. Lakini wanazuoni wa fiqhi hawakuliacha neno hilo bila mipaka. Aliyeazima ardhi ipandwe nafaka, kisha akaitaka mimea ingali michanga, huambiwa angoje mavuno. Aliyeazima ubao ukazibwa nao tundu la chombo, hawezi kuudai chombo kikiwa kati ya bahari. Ubao ni wake, wala hapana mwenye kubisha. Ila amewaacha watu wauweke roho zao juu yake, na kwa sababu hiyo wakati wa kuudai haukubaki mikononi mwake peke yake. Nasi twaona wajibu wa aliyetoa bure hautoki katika malipo, kwani malipo hayakuwako. Watoka katika kutegemewa, khasa kutegemewa alikokualika mwenyewe. Wavuvi wale walikuwa na njia zao zamani: walihesabu siku za mwezi, na wengine walinunua kijitabu cha nyakati za maji. Sasa kijitabu hakinunuliwi, na vijana hawajifunzi tena kuhesabu. Aliyewafanya waziache njia zao hawezi kusema hayamhusu.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, kilitoa programu iitwayo Gopher ya kutafutia maandishi katika intaneti, nayo ikaenea kwa kasi. Mapema mwaka 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wanaoitumia watatozwa ada. Ada yenyewe haikuwa ya watu wote, lakini tangazo lilitosha: watu waliingiwa na khofu kwamba walichojenga juu yake kitakuja kudaiwa. Tarehe 30 Aprili ya mwaka ule ule, taasisi ya CERN iliyoko Geneva, alikokuwa akifanya kazi Tim Berners-Lee, iliandika waraka wa kuiachia umma programu ya wavuti, bila ada na bila haki ya kuirudisha. Watu wakaihama ile wakaiendea hii, na hata leo tumo ndani yake. Msomaji aangalie vizuri. Minnesota hawakudhulumu mtu, kwani kutaka malipo ya kazi ni halali. Walichokosa ni kusema mapema. Nao CERN walisema, wakaandika, wakatia sahihi.

Ama kufunga, mfano wake ni kampuni ya Google, iliyokuwa na programu ya bure iitwayo Reader tangu mwaka 2005, ya kusomea habari za tovuti nyingi mahali pamoja. Mwezi wa Machi 2013 ilitangaza kuifunga, na tarehe 1 Julai ikafungwa. Watu walilalamika sana. Walakini walipewa miezi mitatu na zaidi, na waliruhusiwa kuchukua orodha zao wakaenda nazo kwingine. Twaweza kuilaumu kampuni yenye mali nyingi kwa kufunga; hatuwezi kusema iliwafungia watu ghafula.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya kijana wetu ni wa Josh Wardle, mtu mmoja aliyekuwa akikaa New York. Alitunga mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, kwa majaribio sita, neno moja tu kila siku, akauita Wordle, kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa michezo ya maneno. Aliuweka mtandaoni mwaka 2021, bila matangazo na bila ada. Tarehe 1 Novemba mwaka huo wachezaji walikuwa 90. Tarehe 2 Januari 2022 walikuwa 300,000. Na wiki moja baadaye walipita milioni mbili. Wengine wakauiga mchezo wake ili wachume fedha. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba jambo limemwelemea, na kwamba hataki kuwa mwendeshaji wa biashara ya mchezo. Mwisho wa mwezi ule akaliuzia gazeti la The New York Times kwa dola zaidi ya milioni moja.

Katika darasa wengine walimlaumu, wakasema kwamba aliuza mapenzi ya watu. Sisi hatukuwafuata. Wachezaji hawakuwa wamemiliki usiku wake wala usingizi wake. Mtu aliyefungua lango la kisima chake hakujifunga kuwa mtumwa wa kuteka maji. Na mchezo ulipohamia kwa gazeti uliendelea kuchezwa bila malipo. Jambo la kutazamwa katika kuuza ni hili: anayenunua ataka nini? Anunua kitu, au anunua watu waliokizunguka?

Swali hili si la kufikirika tu. Mwaka 2020 iliandikwa katika magazeti khabari ya programu moja ya simu, itumiwayo na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za sala na upande wa kibla, kwamba khabari za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikifika kwa kampuni inayokusanya khabari hizo, na wateja wa kampuni hiyo walikuwamo wanaohudumia jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kuukata uhusiano huo. Lakini fikiri, ndugu msomaji: mtu aweka simu chini atafute kibla, na simu yauza mahali aliposimama! Ile nayo yaitwa bure. Sisi twasema bure ya namna hii ni bei iliyofichwa, na mwenye kutoza shilingi kumi waziwazi ni mwaminifu kuliko yeye. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo yataka mtu aelezwe khabari zake zachukuliwa kwa kazi gani. Lakini hata kama sheria isingalikuwako, aibu ingetosha.

Kwa hivyo tulimwambia kijana kwamba kutoza ada hakumtii doa, akitangaza mapema, na akamwachia asiyeweza. Matangazo pia hatukuyakataa yote, ila tangazo la mkopo wa riba juu ya ukurasa wa mvuvi aliyerudi mtupu hatuoni ni jambo la muungwana. Yule mnunuzi tulitaka aulizwe swali letu. Alipoulizwa alijibu kwamba yeye ataka "watumiaji", na kwamba programu yenyewe aweza kuitengenezesha kwa wiki mbili. Jawabu hiyo ilitutosha.

Ikabaki njia moja ambayo wengi wetu waliielekea, nayo ni kuyaachia umma maandishi ya ndani ya programu, ili mwenye ujuzi aweze kuyachukua na kuyaendeleza. Njia hii si ngeni nchini kwetu. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, vijana wa Kenya walitengeneza kwa siku chache programu waliyoiita Ushahidi, watu wapate kueleza kwa simu na kwa mtandao yaliyotokea mahali pao. Wangeweza kuifunga fujo ilipotulia. Badala yake waliifanya huru kwa yeyote, na Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, ilitumiwa kule kukusanya khabari za waliohitaji msaada. Lakini tusijidanganye: kuacha mlango wazi si sawa na kupata mlinzi. Wakfu bila msimamizi huota nyasi, na ndugu zetu wa mji huu hawahitaji kuonyeshwa mifano.

Kijana ameandika juu ya ukurasa wake, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba programu itabaki kama ilivyo kwa miezi sita, kwamba hataiuza, na kwamba atafutwa mtu wa kumsaidia gharama na mtu wa kumsaidia kazi. Vijana wawili wamejitokeza kwa kazi. Gharama bado. Tulimtuma mmoja wetu kwenda kuwauliza wavuvi asubuhi wanaposhusha samaki, kama wangeridhia kuchanga kidogo kidogo kila mwezi. Wengi walikubali bila kusita. Lakini yule mzee wa saa kumi alistaajabu sana kusikia kwamba nyuma ya kitu kile yuko mtu. "Mimi," alisema, "nilidhani ni ya serikali." Kisha akauliza kijana mwenyewe ni mtoto wa nani, na anakaa mtaa gani.