Sulisuli si wa Kuchezewa

Ndugu Waislamu, katika aya ya 96 ya Surat al-Maida, Allah (S.W.) ametuhalalishia mawindo ya bahari na akaitaja sababu: yawe chakula na manufaa kwetu na kwa wasafiri. Hakutaja kombe wala picha.

Leo boti za Nungwi hupeleka watalii kuvua sulisuli na nduaro kwa burudani. Samaki huvutwa kwa mshipi hadi achoke, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini. Wenyewe husema: hatuui, tunahifadhi.

Hoja hiyo ina uzito. Aliyerudishwa huenda akaishi akazaa; aliyefika dikoni harudi tena. Lakini wapo wanaokufa baada ya kuachiwa, kwa uchovu na jeraha la ndoana. Na Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kumtaabisha samaki kwa ajili ya kombe kuna tofauti gani na hilo?

Hata hivyo, tusiwanyooshee kidole wageni peke yao. Nani anayevua kwa kigumi, akiyapiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke? Nani anayekokota juya lenye matundu madogo na kuzoa hata vitoto? Ni sisi, tena wengine wetu tumetoka kusali Alfajiri! Mtalii anamchezea samaki mmoja. Sisi tunakata riziki ya wajukuu.

Basi avuaye avue kwa kula, kuuza au kutoa sadaka, na mchanga aachiwe akue. Bahari ni amana, na kila amana ina hesabu yake.

Wallahu aalam.